Chura wa Kombokombo

Ukisimama kwenye tuta la bwawa la Pélagie, ungeweza kumrushia kipande cha sabuni mtu aliyesimama ng'ambo, naye akakidaka bila kunyoosha mkono sana. Lilikuwa dogo kiasi hicho. Lakini alilichimba mwenyewe, kwa jembe na kikapu, kiangazi cha mwaka 1954 na kiangazi kilichofuata, kwenye bonde la kijito nyuma ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi, ndege za wazungu zikimpitia juu ya kichwa kwenda kutua. Mume wake Zéphirin alifanya kazi kwenye gari-moshi la Ubundu. Akikaa nyumbani siku mbili, huonekana tena baada ya siku kumi. Mara ya kwanza aliporudi akakuta shimo, alisimama pembeni akauliza, "Mama Odile, unazika nani humu?"

"Nazika njaa," Pélagie akamjibu, wala hakuinua kichwa.

Alikuwa na miaka arobaini na mbili, watoto watano, na wasiwasi wa watu kumi. Kwa masista alisoma miaka mitatu, akatoka akijua kusoma polepole na kushona haraka. Watoto wakienda kisimani huwahesabu, wakirudi huwahesabu tena. Alizaliwa kwenye maporomoko, katika ukoo wa Wagenia, ambako wanaume hufunga migono, mitego mikubwa ya kusuka, kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji yanayonguruma. Mdogo wake François aliteleza huko asubuhi moja kutoka kwenye mti uliolowa, na kilichopatikana ni kofia yake tu. Tangu siku ile Pélagie alisema watoto wake watakula samaki wa maji yaliyotulia. Watu walicheka. Mgenia wa maji yaliyotulia! Waliendelea kucheka, yeye akashika jembe.

Miaka hiyo ofisi ya kilimo ilikuwa ikiwahimiza watu wachimbe mabwawa na kufuga tilapia. Bwawa lake lilikaguliwa, akaletewa samaki wadogo mia tatu ndani ya pipa. Mwaka ule wa kwanza nyumba ilikula vizuri. Simone, kitinda mimba, ambaye miguu ilikuwa imeanza kuvimba na nywele kugeuka nyekundu, alinyooka, akawa mtoto wa kukimbizwa mchana kutwa. Aliyetaka kujua kwa nini Pélagie alilipenda bwawa lile hakuwa na haja ya kumwuliza. Angemtazama Simone, akaelewa.

Kisha mwaka 1957, baada ya mvua za Oktoba, samaki wakaanza kupungua.

Jumatatu moja akaja Valère. Huyu alikuwa moniteur wa kilimo, kijana wa soksi ndefu na baiskeli inayong'aa, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka mabwawa na kumpelekea habari mkubwa wake, agronome, yaani bwana shamba wa kizungu. Wakavuta wavu mara tatu. Walipata tilapia kumi na mmoja, wote wakubwa. Wadogo, hakuna.

"Mama Odile," Valère akasema, "watoto ya samaki iko wapi?"

"Wameliwa."

"Voilà. Wameliwa. Na nani?"

"Na mongusu."

Mongusu ni samaki mrefu mwenye kichwa kama cha nyoka na meno ya mtu mbaya. Hupumua hewa kama sisi, na mvua ikinyesha hujivuta juu ya majani kutoka maji haya kwenda maji yale. Pélagie alikuwa amemwona. Wiki iliyopita kifaranga cha bata cha jirani yake Clémence kilikuwa kikiogelea pale pale, maji yakapasuka mara moja, kifaranga kikawa hakipo.

Valère alifuta mikono yake kwa kitambaa. "Kila mwanamuke mwenye sufuria anasemaka ni mongusu."

"Sufuria yangu iko pale. Ingia, uinuse."

"Mimi siko polisi, mama. Bon. Samedi agronome anakuja. Tutafungua bomba, maji itoke yote, tuone kama iko mongusu ao hakuna. Halafu bwawa tunamupa Hemedi. Hemedi iko mwanaume, iko na watu ya kazi."

"Hemedi alichimba wapi hapa? Anionyeshe."

"Mama, usipandishe sauti."

"Sijapandisha. Siku nikipandisha, utaisikia ukiwa mbali kule Banalia."

Valère alipanda baiskeli yake akaenda. Pélagie alibaki amesimama wima mpaka kijana alipopotea nyuma ya migomba, ndipo akakaa kwenye tuta. Siku tano mpaka Jumamosi. Kutoa maji hakungesaidia kitu, na hilo alilijua tangu utotoni. Wanawake wa upande wa mama yake hufunga kijito kwa udongo, wakachota maji kwa vikapu mpaka samaki wabaki wakirukaruka kwenye matope. Samaki wote hubaki, isipokuwa mongusu. Yeye hujizika. Atakaa ndani ya matope, anapumua kwa tundu dogo, na maji yakirudi naye anarudi. Kwa hiyo Jumamosi wangelikausha bwawa, wasingeona mongusu, wangemwita mwizi wa samaki wake mwenyewe, na Hemedi angepewa bwawa pamoja na mongusu ndani yake.

Ilibaki njia moja, kumtoa kwa ndoano kabla ya Jumamosi.

Jumanne alikwenda maporomokoni kumwona kaka yake Henri, fundi wa migono. Alimkuta na wenzake wakisokota kamba za miti.

"Yaya Henri, kwenye ndoano mutu anaweka nini?"

Henri aliacha kamba yake. "Kwenye nini?"

"Ndoano."

Wanaume wakatazamana. Mmoja alianza kucheka kwa pua. "Dada," Henri akasema, "samaki wa hapa hatumuulizi anapenda kula nini. Maji inamusukuma, anaingia, kwisha. Wewe unataka kumubembeleza samaki kama bibi-harusi?"

"Kama hujui, sema hujui."

Hapo ndipo walipoangua kicheko, na safari hii wakimcheka Henri. Naye, kwa sababu hakutaka kuonekana hajui, akasema kwa sauti ya mkubwa, "Weka nyungunyungu. Samaki gani hapendi nyungunyungu?"

Hilo ndilo lilikuwa kosa lao, watu wa migono. Samaki wa maporomoko hachagui chochote, na watu waliolelewa naye hudhani samaki wote ni hivyo. Pélagie mwenyewe alidhani hivyo. Alinunua ndoano dukani, akapata kwa fundi viatu uzi mnene uliopakwa nta, akakata mwanzi, akachimbua nyungunyungu wanene nyuma ya jiko. Mchana ule ule alitupa chambo chake, na kabla hajahesabu kumi uzi ukavutika. Alivuta kwa nguvu zote.

Alikuwa tilapia. Mmoja wa wale kumi na mmoja.

Alipokuwa akimtoa ndoano ili amrudishe majini, akasikia mtu akikohoa. Clémence alikuwa amesimama njiani na beseni kichwani.

"Eee, Mama Odile! Mongusu yako leo iko na mudomo kidogo hivi?"

"Sikumtafuta huyu."

"Ndiyo. Alijileta mwenyewe, maskini, kukupa bonjour." Clémence akaenda zake, na kabla ya jua kuzama nyumba zote za mtaa ule zilikuwa zimesikia kwamba Pélagie anavua samaki wa serikali kwa ndoano.

Jumatano hakugusa mwanzi. Alipika, akafua, akawahesabu watoto, na kichwa chake kiliendelea kufanya kazi. Nyungunyungu humwita kila mwenye mdomo. Unga na mafuta ya mawese, mchwa, vipande vya chikwangue ya muhogo, vyote ni vilevile. Ni kama kugonga sahani na kuita watoto wa mtaa mzima. Alihitaji chambo ambacho tilapia angekitazama akakimbia, na mongusu angekitazama akakijia. Kitu kikubwa, basi. Kikubwa kama kifaranga cha bata.

Alichukua kijiko cha bati, akakata mpini, akakitoboa ncha zote mbili, akafunga ndoano nyuma yake. Kikivutwa majini kiliyumba na kumeta kama samaki mgonjwa. Kilikuwa kizuri mpaka yeye mwenyewe alikitamani. Lakini kilizama, na kila kilipozama kiliokota majani ya chini kama mwanamke anayeokota kuni. Mara moja tu kitu kizito kilikigonga, kikakitema. Mara ya saba kijiko kilinasa kwenye mzizi, uzi ukakatika, na kijiko kikabaki huko.

Alhamisi akafanya jambo ambalo angepaswa kulifanya kwanza, kukaa na kutazama. Alikaa kwenye tuta tangu umande haujakauka, bila mwanzi, mikono mapajani. Kutazama hakuhitaji kufundishwa. Mama aliyewahi kukesha na mtoto mgonjwa anajua kutazama. Jua lilipopanda, karibu na majani mapana ya kona ya pili, akaona maji yakichemka. Vitone vidogo, mamia, kama mvua inayonyesha kutoka chini. Walikuwa watoto wa mongusu wakija juu kuvuta pumzi, wote pamoja, wamekusanyika kama wingu. Na chini yao kivuli kirefu, hakiendi popote. Chura mmoja mjinga akaruka karibu na lile wingu. Kivuli kikapanda. Chura akarushwa hewani, akaanguka, akakimbia akiwa mzima. Hakuliwa. Alifukuzwa.

Pélagie akasimama.

Kumbe hana njaa! Huyu sasa hali. Analinda. Siku zile Simone alipokuwa mgonjwa, yeye mwenyewe alikaa siku tatu bila kuonja kitu, na mtu angemletea kuku wa kukaanga asingemtazama. Lakini mbwa angemsogelea mtoto, angemwuma mbwa. Wote walikuwa wakitafuta chakula cha mongusu, na mongusu alikuwa akitafuta adui.

Basi akaanza kumtengenezea adui. Mti wa kombokombo ni mwepesi, haukubali kuzama hata ukiukasirikia. Alichonga chura wa urefu wa kidole gumba na nusu, tumbo bapa ili asipinduke. Kwenye mpira wa ndani wa baiskeli mbovu ya Zéphirin alikata miguu miwili mirefu inayopiga maji. Ndoano tatu alizifunga pamoja mgongoni, zikitazama juu, ili chura ateleze juu ya majani bila kunasa. Ikabaki rangi. Mti wenyewe ni mweupe. Amwache mweupe au ampake masizi?

"Odile," akamwita binti yake mkubwa, "shika hivi vipande viwili. Kimoja cheupe, kimoja cheusi. Viweke juu ya maji, juu ya kichwa changu."

"Kichwa chako kitakuwa wapi, mama?"

"Chini."

Akafunga kitenge vizuri, akaingia bwawani mpaka shingoni, akashika pua, akazama na macho wazi. Maji yalikuwa rangi ya chai. Juu yake anga ilikuwa kama kioo kilichopakwa maziwa, na kile kipande cheupe kilipotelea humo kabisa. Kile cheusi kilikuwa wazi kama nzi. Alitoka akihema, maji yakimchuruzika usoni, akakuta Clémence amesimama tena njiani.

"Mama Odile," Clémence akasema polepole, "nikamuite padri?"

"Muite. Aje na mkate, samaki tutakuwa naye."

Chura akapakwa masizi yaliyochanganywa na utomvu.

Ijumaa, jua likiwa juu, alisimama mbali na ukingo kivuli chake kisiguse maji. Hakumtupa chura juu ya wingu la watoto. Alimtupa ng'ambo yake, juu ya majani, akamleta polepole, anaruka, anatulia, anaruka. Tilapia wawili walimwona wakatawanyika. Chura akaingia majini, akapiga miguu yake ya mpira karibu na vile vitone.

Maji yakapasuka.

Hakuvuta kwa mikono tu. Aligeuka akaweka mwanzi begani akakimbia kupanda mteremko kama anayekimbia mvua, na nyuma yake kitu kizito kikaja kikipiga majani. Mongusu alikuwa mrefu kama mkono wake kutoka kiganja hadi kwapani. Kwenye nyasi hakufa kama samaki. Alijipinda akaanza kurudi kwenye maji, akijivuta, mdomo wazi. Pélagie alimtupia gunia na kumkalia.

"Pole, mama," akamwambia, ingawa hakujua ni mke au ni mume. "Wako walikula wangu."

Odile alikuwa tayari ameshika kikapu awachote wale watoto. Pélagie akamzuia. Majini kulikuwa na kivuli cha pili, kinazunguka wingu lile kwa haraka kuliko mwanzo. Wawili, basi, kwa mongusu hulinda baba na mama. Watoto wakiondolewa, huyo wa pili atakuwa hana cha kulinda, atajificha. Akamtupia chura mara tano jioni ile, lakini kivuli kilikuwa kimeshaona kilichompata mwenzake, kikabaki chini. Pélagie alimwacha apumzike. Yule wa kwanza alimfunga ndani ya gunia lililoloweshwa, bila maji, akamweka chini ya meza jikoni. Hakumwua. Alikuwa na kazi naye.

Jumamosi saa tatu gari la agronome lilisimama juu ya bonde. Alikuwa mzungu mzee kidogo, shati limelowa jasho, anasema Kiswahili kifupi kifupi. Valère alikuja na jembe na mtu wa kuchimba bomba la kutolea maji. Henri naye alikuwapo. Habari zilikuwa zimefika maporomokoni. Clémence alikuwapo, hakuna aliyemwita.

"Mwenye bwawa iko wapi?" agronome akauliza.

"Bwana yake iko kwa train, monsieur," Valère akasema.

"Mwenye bwawa ni mimi," Pélagie akasema. Sauti ilitoka nyembamba, akakohoa, akairudia. "Ni mimi."

"Bon. Tutatoa maji."

Alishuka akaingia majini, akasimama mbele ya mdomo wa bomba, maji yakimfika mapajani. Hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyewahi kumfanyia mzungu hivyo, naye alilijua. Alikuwa anaogopa mpaka meno yanataka kugongana, na akayabana.

"Mukitoa maji, ataingia matopeni, mutaenda, atarudi. Odile! Lete gunia."

Odile akafungua gunia kwenye nyasi, mbele ya viatu vya agronome. Mongusu akatoka, akafumbua mdomo, akaenda moja kwa moja kwenye soksi ndefu za Valère. Valère akaruka, Clémence akapiga yowe la furaha.

"Tangu jana saa sita," Pélagie akasema. "Hakuna maji, gunia yenye kulowa tu. Sasa niambie, monsieur, bwawa kavu itamufanya nini?"

Agronome aliinama akamtazama samaki kwa muda mrefu.

"Mmoja," Valère akasema, akijipangusa. "Amepata mmoja. Labda alimununua sokoni."

"Nipe mwanzi wangu," Pélagie akamwambia Odile.

Alimtupa chura akiwa amesimama palepale majini, mgongo wake kwenye bomba. Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili, hakuna. Nyuma yake Henri alinong'ona, "Dada, polepole," na safari hii hakuwa anacheka. Mara ya tatu akamleta chura mpaka katikati kabisa ya vile vitone, akamwacha akae. Hakumtikisa. Adui aliyekaa kitako nyumbani kwako anaudhi kuliko anayepita. Akahesabu watoto wake kimoyomoyo, kutoka Odile hadi Simone, na alipofika kwa Simone, yule mongusu wa pili akamjia chura.

Hakukuwa na nafasi ya kukimbia. Alirudi nyuma akiuinua mwanzi kwa mikono yote miwili, mwanzi ukapinda, ukalia, ukapasuka, Henri akarukia majini na nguo zake za Jumamosi akaushika uzi. Wakamburuta juu ya tuta pamoja. Huyu alikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Henri alimkalia kama anayekaa juu ya sanduku lisilofunga, akasema akihema, "Bibi-harusi huyu iko na nguvu!"

Agronome alimwambia Valère maneno kwa Kifaransa. Valère akatoa daftari, akaandika, uso umekunjamana. Kisha mzungu akamgeukia Pélagie. "Bwawa inabaki kwako. Lakini ndoano, hapana. Kwa bwawa ya kufuga, ndoano ni défendu. Valère, kamata."

Pélagie alipanda kutoka majini. Kitenge kilikuwa kimemgandia miguuni. Alimchomoa chura mdomoni mwa samaki, akamweka kwenye kiganja, ndoano tatu zikitazama juu, akamnyoshea Valère.

"Mongusu hakusoma sheria yenu. Mvua ikinyesha, mwingine atakuja. Nitamutoa na nini, monsieur, na karatasi?" Akamgeukia kijana. "Haya. Kamata."

Valère alizitazama ndoano. Alimtazama mkubwa wake. Mzungu alikuwa ameshaanza kupanda mteremko kuelekea kwenye gari, na hakugeuka. Labda hakusikia, labda alisikia vizuri sana. Valère akafunga daftari, akachukua jembe lake, akamfuata.

Pélagie alisubiri mpaka mlango wa gari ulipofungwa. Akamfunga chura kwenye ncha ya kitenge, mtu asimwone. Kule kwenye kona ya majani wingu la vitone lilikuwa likizunguka, halina mlinzi, bado likija juu kupumua. Alilitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyotaka.

"Odile," akasema, "lete vikapu. Vyote viwili, tuwachote. Na muambie Mama Clémence afungue bata zake, leo zitakula."